Wachukuzi ndani ya Seli Shina za Ubongo

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni wetu wa hapa Dar es Salaam,

Mwenye duka la Kariakoo hafarijiki kuambiwa kwamba mzigo wake umeshafika bandarini, kwa maana asiyekuwa na mchukuzi hana bidhaa. Ubongo wa kijusi nao hujengwa kwa uchukuzi wa namna hiyo.

Seli shina zinazouzaa, yaani seli mama zinazogawanyika na kutoa seli za neva, ni nyembamba na ndefu ajabu: mguu mmoja hugusa vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo, na mwingine hunyooka hadi uso wa nje. Ndani yake zimetandazwa njia za mikrotubuli, yaani vijibomba vyembamba vya protini, ambamo protini za kinesini na dainini hubeba mizigo. Kinesini, iliyogunduliwa mwaka 1985, hupiga hatua za nanomita 8, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Mzigo mkubwa kuliko yote ni kiini chenyewe cha seli, kinachohifadhi DNA. Wataalamu wa zamani walipoona viini vimepangana katika vimo mbalimbali walidhani wanatazama aina tofauti za seli, mpaka mwaka 1935 mtafiti F. C. Sauer alipoeleza kwamba ni seli za aina moja, ila viini vyake vinasafiri. Kinesini iitwayo KIF1A hukisukuma kiini kuelekea upande wa nje wa ubongo. DNA ikishanakiliwa, dainini hukirudisha ndani, na huko ndiko seli hugawanyika. Katika majaribio ya panya, dainini ilipodhoofishwa, viini vilikwama njiani na seli hazikugawanyika, ingawa DNA ilikuwa imekwisha kunakiliwa. Mimi naona hapo ndipo penye kiini cha mada, na mniwie radhi kwa neno hilo.

Dainini inapovuta mzigo mzito husaidiwa na protini ya LIS1, ambayo jeni yake, iliyoko katika kromosomu ya 17, ilitambuliwa mwaka 1993. Mtoto mwenye nakala moja mbovu ya jeni hiyo huzaliwa na ubongo usio na mikunjo ya kawaida, kwa sababu seli changa za neva nazo hushindwa kufika mahali pake.

Mguu wa nje, ulio mbali na kiini, hupelekewa RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, ya siklini D2, protini inayohimiza seli kugawanyika, ili protini hiyo itengenezwe papo hapo. Seli inapogawanyika, binti anayerithi mguu huo na akiba yake huelekea kubaki seli shina, na mwenzake huelekea kuwa seli ya neva.