Jimbo jipya la Chamazi: mstari umepita wapi?

ZAI: Karibuni tena jamani, leo ni lile suala linalozungumzwa kila kijiwe, jimbo jipya la Chamazi. Kaka Chande, we si ndo unakaa Mbande, hukohuko Chamazi?

CHANDE: Mbande kabisa dada, mwaka wa kumi na moja huu. Na siku ile Tume ya Uchaguzi ilipotangaza majimbo mapya 8, Mei 12, 2025, simu yangu haikupoa, huyu anauliza eti tumekuwa wilaya, yule anauliza hati ya kiwanja itabadilishwa lini, mwingine anataka kujua DC wetu mpya nani.

ZAI: Ukawajibuje?

CHANDE: Hatujawa wilaya. Wilaya ni Temeke ileile, manispaa ileile, mkurugenzi yuleyule. Kilichokatwa ni jimbo la Mbagala, sasa kuna Mbagala na kuna Chamazi.

ZAI: Na Ukonga nayo imetoa Kivule.

CHANDE: Eeh, Dar tumepata mawili. Nchi nzima sasa majimbo 272, Bara 222, Zanzibar 50.

ZAI: Mi kinachonishangaza, Mbagala yenyewe jimbo si la juzi tu, 2015?

CHANDE: Miaka kumi tu imeshajaa! Sensa ya 2022 Temeke ilikutwa na watu 1,346,674, na majimbo yalikuwa mawili, Temeke na Mbagala. Tume ilisema jimbo la mjini liwe na watu kuanzia laki 6, vijijini laki 4, sasa piga hesabu mwenyewe, kila mbunge alikuwa na watu karibu laki 7, atawasikiliza saa ngapi? Na huku kwetu ndo watu wanahamia, kila ukipita unakuta msingi mpya umechimbwa.

ZAI: Haya, mstari. Mtu anajuaje yuko jimbo gani?

CHANDE: Aangalie kata. Kata haikatwi katikati kuingia majimbo mawili, na jimbo halivuki halmashauri. Ndo maana sisi Mbande na wenzetu wa Msongola tunashea soko, tunashea daladala, tunazikana, lakini wao Ilala sisi Temeke, kwa hiyo hata Tume ingetaka vipi isingetuweka jimbo moja. Hilo linaniuma kwa kweli maana matatizo yetu ni yaleyale, maji na barabara.

ZAI: Lakini si kuna hela ya mfuko wa jimbo, ile serikali inayotoa kwa kila jimbo kwa ajili ya maendeleo? Watu wanasema sasa tutapata mara mbili.

CHANDE: Hapo tuelewane vizuri. Fungu la Mfuko wa Jimbo linagawanywa hivi: asilimia 25 kila jimbo linapata sawa, 45 inaangalia idadi ya watu, 20 umaskini, 10 ukubwa wa eneo. Kwa hiyo ile 25 ndo tunapata mbili badala ya moja, hayo mengine yanafuata watu, umaskini na eneo, na hivyo tumegawana. Ongezeko lipo ila sio mara mbili, na barabara za mtaani bado ni TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, mfuko huo hauwezi kujenga lami ya kilomita hata tatu.

ZAI: Kwa hiyo faida yenyewe nini?

CHANDE: Mtu wa kumbana, dada. Zamani mbunge anafanya mkutano Rangi Tatu, kule Mbagala, anaondoka, sisi huku mwisho tunasikia redioni. Sasa akitaka kura zetu lazima aje na gari lake azame kwenye matope ya Mbande aone tunavyoishi, na mwenyekiti wa kamati ya ule mfuko ni yeye mbunge, so tunajua pa kuuliza hela imeenda shule gani.

ZAI: Kuna dada katutumia voisi, kadi yake ya kura ameandikishwa Mbagala Kuu, kahamia Chamazi.

CHANDE: Kura unapiga ulikoandikishwa, sio unakolala. Daftari la wapigakura likifunguliwa aende na kadi yake ahamishe taarifa, aseme kata na mtaa anaokaa sasa, na asisubiri siku ya mwisho maana foleni ya huku naijua.