Kipindi cha Wiki: Sanga, Matema na Viazi

ATU: Kabla hata ya salamu, Sanga, onyesha viganja.

SANGA: Watu wanatusikia tu, wataona nini?

ATU: Basi nawasimulia mimi. Malengelenge mkono wa kulia, moja limeshapasuka, na chai nimemmiminia mimi kwa sababu chupa haishikiki. Karibuni. Mliokuwa nasi kipindi kilichopita mnakumbuka aliaga: anashuka Matema, anapanda mtumbwi, anaambaa na ufuko wa Ziwa Nyasa mpaka Lupingu, Ludewa huko. Kwa kafi.

SANGA: Nimerudi Jumapili usiku. Mgongo utafuata.

ATU: Ulifika Lupingu?

SANGA: Nilifika pazuri.

ATU: Sikuuliza uzuri.

SANGA: Tutafika huko. Nimeandika mafunzo saba ya kupanga safari ya namna hii, twende kwa utaratibu. La kwanza ni msimu. Watu wananiandikia wanataka kwenda Juni, likizo. Usiende Juni! Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa kusini unavuma kwa urefu wa ziwa zima, na ziwa lile lina zaidi ya kilomita 550. Sasa Matema iko wapi? Kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Wimbi linalokupiga pale limeanza kujikusanya mbali sana kusini, halina kilichowahi kulizuia.

ATU: Hapo uko sawa. Na Machi na Aprili ni mvua. Kyela haichezi na mvua.

SANGA: Kwa hiyo Septemba mpaka Novemba, mvua haijaanza, upepo umepungua. Na hata hapo, mnaondoka saa kumi alfajiri, ikifika saa nne mnatafuta pa kutia nanga. La pili, mzigo.

ATU: Haya. Mzigo.

SANGA: Usinitazame hivyo.

ATU: Wasikilizaji, picha alinitumia mpwa wake. Mtu anakwenda Kyela, nchi ya mchele, mchele ambao Dar es Salaam wanauulizia kwa jina, ameteremka kwenye Noah na kiroba cha viazi. Kizima!

SANGA: Nilivinunua Uyole. Viazi vya Uyole ni akiba. Haviozi haraka, havihitaji kuoshwa kwa maji mengi, unatupia kwenye majivu unalala.

ATU: Mkinga hawezi kusafiri bila mzigo wa kuuza, sema ukweli.

SANGA: Naona utani umeanza mapema. Sikuwa na nia ya kuuza.

ATU: Endelea. Kiroba kimefika ufukoni. Mtumbwi uko pale.

SANGA: Sasa mitumbwi ya kule, kwa asiyeijua. Ni gogo moja limechimbwa, ila mdomo wake ni mwembamba, tumbo ndio pana. Unakaa juu ya kingo, miguu unaidumbukiza ndani. Imechongwa hivyo makusudi, wimbi likipiga maji yasiingie mengi. Ni akili kubwa.

ATU: Na kiroba?

SANGA: Hakikupita.

ATU: [anacheka] Hakikupita!

SANGA: Kwa hiyo tulivimimina.

ATU: Vilivyo? Bila mfuko?

SANGA: Kimoja kimoja, kwa mkono, mpaka tumbo la mtumbwi likajaa. Mzee wetu wa kafi amesimama pembeni, hasemi kitu. Mimi nikajua amekubali.

ATU: Mzee wa ziwani asiposema kitu hajakubali, Sanga. Anasubiri uone.

SANGA: Tukatoka. Kwa nusu saa ya kwanza ni safari ambayo sijawahi kuiona. Kushoto ukuta wa Milima ya Livingstone unashuka wima mpaka majini. Kulia giza la ziwa, na taa za wavuvi wa usipa, wale dagaa wa Nyasa, mbali kule, nyingi. Na ziwa lile, penye kina kirefu kabisa, linafika kama mita 700. Unajisikia mdogo, lakini kwa raha.

ATU: Halafu?

SANGA: Halafu likaja wimbi dogo la ubavuni. Viazi vikahama.

ATU: Mungu wangu.

SANGA: Vyote. Grrr, upande wa kulia. Mtumbwi ukainama, mzee akaegemea kushoto, viazi navyo vikarudi kushoto. Sasa tunainama kushoto. Ndivyo tulivyokwenda mpaka Ikombe, mzee anapiga kafi, viazi vinatembea.

ATU: Nahodha wa meli yoyote atakwambia, mzigo unaotembea ni mbaya kuliko mzigo mzito. Gunia la kilo 50 lililotulia lina heshima.

SANGA: Nakubali kwamba vilitembea. Sikubali kwamba havikupaswa kuwemo.

ATU: Una hoja gani hapo?

SANGA: Uzito wa chini unatuliza chombo. Mtumbwi mtupu unachezacheza.

ATU: Uzito uliofungwa! Wewe ulipakia mpira!

SANGA: Na vilitufaa. Ikombe wale mama wa Kikisi, wafinyanzi wa pale, walikuwa wanachoma vyungu, viazi vikaingia kwenye majivu ya moto uliokwisha. Nikakaa pale natazama wanavyofinyanga. Mikono ile haina haraka. Chungu kinatoka Ikombe kwa mtumbwi mpaka mnada wa Lyulilo siku ya Jumamosi, hakivunjiki.

ATU: Kwa sababu wamekipanga kwa nyasi. Hawajakimwaga.

SANGA: Nikauliza wanapanga vipi. Vikubwa chini, vidogo ndani ya vikubwa, nyasi katikati. Basi pale nikanunua mikeka chakavu miwili, nikajaribu kuvizungushia viazi.

ATU: Vikapita mdomoni?

SANGA: Mikeka haikupita.

ATU: [kicheko kirefu] Naomba maji.

SANGA: Na usiku ukitaka kupika lazima ulale kifudifudi juu ya mtumbwi, mkono ndani mpaka begani, unapapasa. Mpwa wangu siku ya pili akapapasa akatoa kandambili yangu. Ilikuwa imepotea tangu Matema.

ATU: Mlikula kandambili?

SANGA: Lumbila nikabadilishana viazi na usipa mkavu. Kule mlimani viazi vipo, lakini ufukoni wanavitaka. Sado moja kwa sado moja.

ATU: Si nilisema! Biashara!

SANGA: Kubadilishana si biashara.

ATU: Haya, hebu tutoke kwenye viazi, kuna jambo picha ile ilinionyesha halikunichekesha. Umevaa jaketi okozi. Mpwa wako amevaa. Mzee amekalia la kwake.

SANGA: Nilinunua matatu, moja la kila mtu. Nikampa kwa mikono miwili. Akanishukuru, akasema kingo za mtumbwi zinaumiza, akalikalia.

ATU: Na ukaondoka.

SANGA: Nikaondoka. Atu, yule mzee amelivuka lile ziwa tangu mimi sijazaliwa. Siku ya pili mchana, Lumbila, maji yametulia kabisa, mimi nataka tusogee mpaka kijiji cha Makonde. Akatazama milima, akasema hatuendi. Saa tisa upepo ukaja sijawahi kuona. Ndiyo maana Lupingu hatukufika. Mtu anayejua hivyo, nimwambie vaa hiki?

ATU: Ndiyo. Umwambie.

SANGA: Kwenye chombo chake.

ATU: Kwenye chombo chake. Ulimlipa?

SANGA: Kwa siku, na chakula.

ATU: Basi ulikuwa na haki ya kusema hatuondoki mpaka wote tumevaa. Anajua upepo, sawa. Akiteleza akagonga kichwa kwenye ukingo, upepo unahusika nini?

SANGA: Dereva wa basi namlipa nauli, simfundishi kuendesha.

ATU: Mkanda hujawahi kumwambia afunge?

SANGA: Ni tofauti. Mgeni kutoka mjini anafika ufukoni kwa mzee, anaweka masharti juu ya mwili wa mzee. Hapo siyo usalama tena, ni dharau. Na angeniacha pale pale, akatafuta samaki wake.

ATU: Angekuacha, ungerudi nyumbani. Safari ya starehe ile, hukuwa unakimbia vita. Sanga, mimi ni wa kule. Kuna nyumba nikipita Kyela siulizi baba yuko wapi. Wote walilijua ziwa. Hakuna hata mmoja alikuwa mgeni.

SANGA: Pole. Nakuelewa.

ATU: Unanielewa lakini?

SANGA: Lakini nikirudi kesho nitampa tena kwa mikono miwili, na akilikalia nitapanda.

ATU: Basi mimi sipandi na wewe.

SANGA: Hujawahi kupanda na mimi hata bila mzee. Huogelei.

ATU: Ndiyo maana najua umuhimu wake! Aliyekuwa mashakani ni yule aliye nyuma na kafi. Wewe abiria ulikuwa umevaa, mwenye kazi hajavaa. Haikukukera?

SANGA: Ilinikera. Kukerwa siyo kupewa amri.

ATU: Hatutaelewana hapa.

SANGA: Hatutaelewana. Wasikilizaji wamezoea.

ATU: Kijana wa mitambo ananionyesha dakika tatu. Mafunzo yako mangapi yamebaki?

SANGA: Matano. Nilikuwa na la wadudu, zile kungu, mawingu yanayoinuka ziwani unadhani moshi, mama mmoja alitugawia andazi la kungu nikala...

ATU: Dakika mbili.

SANGA: ...na la midomo ya mito. Lufilyo, Mbaka. Usioge pale, mamba. Wala usilale karibu, viboko wanatoka usiku.

ATU: Na kichocho. Maji yaliyotulia yenye majani ufukoni, usikae ndani.

SANGA: Na ukirudi kapime. Nilikuwa nalo la tano.

ATU: Hayo mengine yaweke kwenye karatasi yako. Chandarua umesema?

SANGA: Sijasema.

ATU: Sema basi, anazima.

SANGA: Chandarua, chenye dawa, na kamba mita nne za kukitundikia, maana ufukoni miembe iko mbalimba...