Jino Mkononi, Maziwa Yako Wapi?

[Muziki unafifia]

ZAWADI: Karibuni tena. Leo tuna visa vitatu vya kliniki na mafunzo yake, Juma kayapanga vizuri kweli...

JUMA: Kabla ya hapo, Jumamosi yangu.

ZAWADI: Nilijua tu.

JUMA: Niko uwanjani, natazama mechi yangu kwa amani. Kijana kapigwa kiwiko, jino la mbele likatoka lote na mzizi wake. Mwenzake analileta mbio, kalisugua kwa jezi mpaka linang'aa! Anajisifu: "Daktari, nimelisafisha."

ZAWADI: Jamani! Kasugua kile kile tunachokihitaji. Kwenye mzizi kuna utando mwembamba wenye chembe hai, ndio unaoshikanisha jino na mfupa. Jino likikaa kavu nje kwa saa moja hivi, chembe nyingi zimeshakufa. Hata ukilirudisha, mfupa utaugandia mzizi na kuula kidogokidogo, miaka na miaka.

JUMA: Nikapiga kelele: maziwa! Uwanja mzima ukaanza kusaka maziwa. Wa kwanza kaja na mtindi.

ZAWADI: (anacheka) Ukapokea?

JUMA: Na asidi ile? Wa pili kaleta ya moto.

ZAWADI: Huyo alitaka kulipika.

JUMA: Wa tatu anauliza lazima yawe ya ng'ombe. Nikamwambia kaka, lete kwanza, ukoo tutauliza baadaye.

ZAWADI: Waeleze basi kwa nini maziwa.

JUMA: Maji ya bomba hayana chumvi ya kutosha, chembe zinayanyonya, zinavimba, zinapasuka. Maziwa baridi yanakaribiana nazo. Basi nikalisuuza, nikalirudisha pale pale, akang'ata kitambaa hadi kliniki. Sasa kafungwa waya laini, wiki mbili.

ZAWADI: Safi. Kwa hiyo wasikilizaji, nanyi mfanye hivyo hivyo.

JUMA: Hapana! Wao waweke kwenye maziwa, wakimbie kliniki.

ZAWADI: Juma, mwongozo wa 2020 wa IADT, chama cha kimataifa cha wataalamu wa majeraha ya meno, unataka aliyepo pale pale alirudishe, hata kama si daktari. Maziwa ni ya anayeshindwa.

JUMA: Walioandika hawakumwona yule mama aliyeniletea mwanawe, jino limerudishwa nyuma mbele.

ZAWADI: Huyo mama tena! Kisa kimoja umekigeuza sheria.

JUMA: Nilikiona kwa macho yangu.

ZAWADI: Jino lililogeuka nalitoa, nalirudisha sawa. Chembe zilizokufa utazigeuzaje?

JUMA: Na akirudisha la mtoto wa miaka 4? Si atalidhuru la ukubwani linaloota ndani ya ufizi?

ZAWADI: Tunawaambia: meno ya utotoni hayarudishwi. Sentensi moja hiyo.

JUMA: Mtu anatetemeka, damu imejaa, wewe unamkumbusha sentensi! Kopo la maziwa anaweza kulishika yeyote.

ZAWADI: Na kliniki ikiwa mwendo wa saa mbili? Unamfundisha kusubiri.

JUMA: Namfundisha asiharibu.

ZAWADI: Kusubiri ndiko kuharibu, Juma.

JUMA: Hatutaelewana hapa.

ZAWADI: Hatutaelewana. Na fundi mitambo ananionyesha saa.

JUMA: Visa viwili havijaguswa! Yule aliyeng'olewa jino baada ya jino, kumbe maumivu ni ya neva ya uso...

ZAWADI: Wiki ijayo. Cha tatu nakisema leo maana hakisubiri: maumivu ya taya yanayokujia ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika yanaweza kuwa moyo, hata kama kifua hakiumi. Yakija na hayatulii, nenda kwenye dharura, si kwa daktari wa meno.

JUMA: Na mafunzo yangu?

ZAWADI: Muda, kaka. Haya, msikilizaji, jino la mtu mzima likitoka: shika sehemu nyeupe, usiguse mzizi, suuza kidogo, rudisha...

JUMA: ...kwenye maziwa.

ZAWADI: Mdomoni!

[Muziki]