Umefunga inteki na tabo? Usikanyage mafuta mpaka uelewe hii ya kutyuni

Haya wadau karibuni, leo naongea na wewe ambaye umeshafunga inteki kubwa (njia ya kuingizia hewa), ekzosti, labda na tabo (ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada) juu yake, afu gari inawaka vizuri, sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) imetulia ukaona mambo safi. Subiri kwanza, bado hujatyuni, yaani hujarekebisha programu ya kompyuta ya injini iendane na hivyo vitu.

Sogea uone hii sensa ya hewa. Huu waya mwembamba ndani unapata moto, hewa ikipita inaupoza, kompyuta inahesabu hewa kutokana na hapo. Bomba la zamani inapokaa sensa hii lilikuwa na kipenyo cha milimita 70, hili jipya 80. Utasema ni kitu kidogo, lakini tundu limepanuka karibu asilimia 31, hewa ileile sasa inapita polepole, kwa hiyo kompyuta inaona hewa imepungua karibu robo na inamwaga mafuta ya hiyo hewa pungufu. Ukitembea taratibu sensa ya oksijeni kule kwenye ekzosti inashtuka, kompyuta inajirekebisha, ndo maana husikii kitu. Ila ukikanyaga mpaka chini gari nyingi zinaacha kuisikiliza ile sensa zinafuata jedwali la kiwandani, na pale ulipotakiwa upate hewa 12.5 kwa petroli 1 unajikuta kwenye 16, mafuta machache wakati injini imebeba mzigo mkubwa kuliko wote. Pistoni zinayeyukia hapo jamani.

Sasa tuanze. Kabla ya kugusa laptopu chomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, angalia asilimia ya mafuta inayoongezwa au kupunguzwa. Ikicheza ndani ya 5 juu au chini usihangaike. Ikiwa juu kwenye sailensa afu inashuka ukipandisha mizunguko, hapo kuna sehemu inavuta hewa ya wizi, kagua mipira na klipu zote. Usityuni gari inayovuja, utakuwa unaandika ugonjwa ndani ya programu.

Pili, kopi faili la kiwandani ulihifadhi sehemu mbili. Hili halina maelezo mengi.

Tatu, funga sensa ya oksijeni ya waidibendi, ile inayosoma kiwango kamili cha hewa kwa mafuta, kwa sababu nyingi za kiwandani zinajua tu kama uko juu au chini ya hewa 14.7 kwa petroli 1, hazikuambii umeenda mbali kiasi gani. Na ukiwa na tabo unataka kuona kama 11.5 hivi mpaka 12 ukiwa umekanyaga. Angalia na nozeli zinazopuliza mafuta, zikifika asilimia 85 ya muda wa kufunguka zimeisha, tafuta kubwa, usilazimishe.

Nne ni dainomita, mashine ya kupima nguvu ya gari, na hapa naomba utulie. Mafuta kwanza, taimingi (muda plagi inapotoa cheche) baadaye, usichanganye. Anza na mzigo mdogo, mafuta yakikaa sawa ongeza taimingi digrii 1, vuta tena (kanyaga mpaka chini upime), angalia toki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha. Imepanda? Ongeza nyingine. Siku toki inagoma kupanda umefika, rudi nyuma digrii 1 au 2 uache hapo, maana kinachobaki mbele ni injini kugonga tu, mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda. Kuna injini zitaanza kugonga hata kabla toki haijagoma, kwa hiyo vaa hedifoni za kusikilizia huo mgongo muda wote. Na faili la mtu mwingine la gari kama yako usilitie, mi hilo sikubali kabisa, nozeli zake sio zako na petroli anayoweka sio yako.

Ukimaliza, zima gari ipoe, toa plagi. Washa tochi uangalie ile kauri nyeupe, karibu kabisa. Ukiona vidoti vidogo vyeusi kama pilipili manga, ile ni dalili injini inagonga, na vinavyong'aa kama vumbi la alumini ni pistoni inaanza kumeguka, hata kama sikio lako halikusikia kitu. Rudisha taimingi nyuma, weka plagi mpya, vuta tena, toa uangalie. Rudia mpaka kauri itoke safi.