Baridi Peke Yake Haitoshi: Vigunduzi vya Infraredi ya Mbali

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji, tupo Ngamiani, Tanga. Kaka Bakari, leo ni infraredi ya mbali, yaani mwanga usioonekana wenye mawimbi marefu, na vigunduzi vya kuunasa. Kwani darubini haiwezi kufungwa hapo Raskazone tu?

BAKARI: Hewa ya Raskazone ina mvuke tele, dada, na mvuke humeza mawimbi haya ya mikromita 30 hadi 300. Milimani pia sehemu kubwa haifiki. Ndiyo maana darubini ya angani Herschel ilirushwa mwaka 2009, na kioo cha mita 3.5.

ZUHURA: Heliamu yake ya kupozea vigunduzi ikaisha 2013.

BAKARI: Naam. Ila kioo chenyewe kilikuwa na kelvini 85 hivi (kelvini huhesabiwa kuanzia baridi ya mwisho kabisa), kikang'aa kwa joto lake kuliko anga. Kigunduzi bora zaidi kisingesaidia sana. Pendekezo la darubini mpya, PRIMA, lina kioo cha mita 1.8 tu, lakini kimepozwa hadi kelvini 4.5. Hapo kelele ya kioo inaondoka, lawama zote zinabaki kwa kigunduzi.

ZUHURA: Kigunduzi gani hasa?

BAKARI: Utando mwembamba wa alumini juu ya silikoni, umechorwa kuwa resoneta, yaani sakiti ndogo inayovuma kwa masafa yake maalumu. Alumini ikishuka chini ya kelvini 1.2 inakuwa supakondakta, yaani hupitisha umeme bila ukinzani, na elektroni zake hufungamana mbili mbili. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikiingia huvunja jozi, na masafa ya resoneta hushuka kidogo. Unapima huko kushuka. Ukitaka jozi zivunjwe na fotoni tu, si na joto, shuka hadi milikelvini (elfu za kelvini) 120 hivi.

ZUHURA: Na waya? Vigunduzi elfu, waya elfu?

BAKARI: Hapana, hapo ndipo ninapoipenda teknolojia hii. Kila kimoja kina masafa yake, elfu nzima hupita kwenye kebo moja. Tabu ni kwamba unene wa utando haulingani bamba zima la silikoni, basi masafa yanasogea na viwili vinagongana. Dawa yake: poza bamba, wamulikie vigunduzi kimoja kimoja kwa taa ndogo za LED ujue yupi ni yupi, kisha rudi maabara ukapunguze kapasita, sehemu inayopanga masafa, za wale waliogongana.

ZUHURA: Tuseme vyote vimekaa sawa. Nimefunga boksi, nimepoza, bado kelele.

BAKARI: Tafuta mwanga unaovuja! Watu hukimbilia kulaumu alumini. Watti 10⁻¹⁸ ya mikromita 100 ni fotoni kama 500 kwa sekunde. Ukuta wa kelvini 4 ukichungulia kwenye ufa wa kifuniko unaleta zaidi ya hizo. Weka boksi ndani ya boksi, viungo vya kifuniko vipinde kona, ndani paka epoksi iliyochanganywa na masizi na chembe za silikoni kabaidi. Halafu kebo: plastiki iliyomo ndani yake hupitisha mionzi kutoka kwenye joto, kwa hiyo inahitaji kichujio chake.

ZUHURA: Kebo si inaleta joto pia?

BAKARI: Tumia niobi-titani, ikiwa supakondakta hupitisha umeme bila kupitisha joto jingi. Jukwaa lining'inizwe kwa nyuzi za Kevlar. Uangalie tu, kipoozi cha mitambo kikizitetemesha, nazo huzalisha joto.

ZUHURA: Na hizo milikelvini unazipataje?

BAKARI: Chumvi yenye sumaku. Unaiwekea uga wa sumaku, joto linatoka kwenda kelvini 4, unakata njia ya joto, unapunguza uga taratibu, nayo chumvi inapoa. Kinga alumini dhidi ya uga huo, maana ukinaswa ndani ya utando huharibu resoneta.

ZUHURA: Mionzi ya kosmiki nayo?

BAKARI: Darubini ya angani Planck ilisumbuliwa nayo sana. Chembe ikipiga silikoni, mtetemo husambaa bamba zima na vigunduzi vingi hustuka pamoja. Siku hizi mgongo wa bamba hupakwa metali ya tantali yenye joto la mpito (joto ambalo chini yake metali huwa supakondakta) dogo kuliko la alumini: inameza mtetemo na kuuvunja vipande visivyo na nguvu ya kuvunja jozi.

ZUHURA: Kwa hiyo tantali ikiwa na joto la mpito kubwa kuliko la alumini?

BAKARI: Umepoteza utando wako bure, dada.