Baritoni ya inchi 30: mkono unafika?

TUSA: Kamwene kaka Festo! Pole na safari. Iringa mpaka Mbeya na baridi hii ya Juni, vidole vimekunjuka kweli?

FESTO: Ndaga dada Tusa. Chai yako ya tangawizi imevikunjua. Ila tangu niingie macho yangu yako kwenye hilo gitaa ukutani. Shingo yake inaishia wapi?

TUSA: Ndilo la leo. Wasikilizaji wetu, hii ni baritoni, gitaa linalolia chini kuliko la kawaida, na ni ndefu hata kati ya baritoni zenyewe. Kutoka nati, kile kibao kidogo nyuzi zinapopita mwisho wa shingo, mpaka daraja, zinapofungwa kwenye tumbo la gitaa, ni inchi 30, yaani milimita 762. Gitaa nililojifunzia kwenye kwaya lina 648. Nimekaa nalo miezi minane, na kila Jumapili baada ya ibada naulizwa swali lile lile: mkono unafika?

FESTO: Na unafika?

TUSA: Unafika. Lakini kwanza nilikosea, nikaumia. Nililichukua nikaanza kupiga nyimbo zangu zote kama nilivyozoea. Umbo la kodi ya F, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, kidole cha kwanza kimebana nyuzi zote freti ya kwanza, kile chuma cha kwanza kilicholala kwenye shingo, siku nzima. Wiki ya tatu shina la dole gumba likaanza kuuma, nikawa siwezi hata kukamua nguo. Nikaliweka chini kwa siku 10.

FESTO: Pole sana. Ngoja niwape watu hesabu, maana hapo hakuna uchawi. Ukitaka kujua upana wa freti ya kwanza, gawanya urefu wa uzi kwa 17.8. Gitaa la kawaida unapata milimita 36. Hili lako linakupa 43. Utasema milimita saba ni kitu gani? Sasa zijumlishe. Kidole cha kwanza kikiwa freti ya 1 na cha mwisho freti ya 4, kwenye gitaa la kawaida vimetanuka milimita 97. Kwenye hili ni 114. Hiyo ni karibu sentimita mbili zaidi, na mkono unaishikilia wimbo mzima.

TUSA: Na watu wanafikiri ni suala la kuwa na mikono mikubwa.

FESTO: Hapana. Mimi nina vidole vifupi na nimepiga besi miaka mingi, na besi ya kawaida ina inchi 34. Siri ya besi ni kwamba hatutumii kidole kimoja kwa kila freti kule chini. Wapiga kontrabasi, ile besi kubwa ya kusimama, wanafundishwa hivyo tangu karne ya 19, kwenye mbinu ya mwalimu wa kontrabasi Franz Simandl: kidole cha kwanza, cha pili, halafu cha tatu na cha nne vinatua pamoja kama kimoja. Unafunika freti tatu, siyo nne. Ukitaka ya nne, mkono wote unahama. Hautanuki.

TUSA: Hapo ndipo nilipopona. Sentensi hiyo ningeisikia mwezi wa kwanza! Mkono unahama, hautanuki. Na jambo la pili ni namna ya kukaa. Nilikuwa naliweka paja la kulia, shingo imelala sambamba na sakafu. Freti ya kwanza inakuwa kule mbali, kiwiko kimenyooka, kifundo cha mkono kimekunjwa. Sasa naliweka paja la kushoto, mguu juu ya kibao, shingo imeinuka kuelekea bega. Nati inasogea karibu nami, kifundo kinanyooka, na dole gumba linakaa nyuma ya shingo badala ya kuchungulia juu.

FESTO: Na ukisimama?

TUSA: Mkanda mfupi. Gitaa lije kifuani, si kiunoni. Na shingo hii inapenda kuanguka upande wa funguo za kukazia nyuzi, kwa hiyo mkanda uwe mpana wa ngozi unaokamata bega. Mkono wa kushoto ukianza kubeba uzito wa shingo, umeshapoteza nusu ya kazi yake.

FESTO: Sasa niulize kama fundi. Kwa nini 30? Kuna baritoni za inchi 27, za 28. Umetyuni wapi?

TUSA: B mpaka B, uzi mnene kabisa hadi mwembamba kabisa. Umbo la G linatoa D, umbo la C linatoa G.

FESTO: Basi mimi ningekupa 28. Sikiliza sababu. Urefu unaongezwa kwa ajili ya mkazo. Ukishusha gitaa la kawaida mpaka B kwa nyuzi zile zile, uzi wa sita unalegea, unapiga kelele kwenye freti. Uzi uleule, noti ileile, ukiongeza urefu mkazo unapanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 648 kwenda 762 ni asilimia 38 zaidi. Kwenda inchi 28 ni asilimia 20. Kwa B, na nyuzi nene kiasi, hiyo 20 inatosha, na mkono unapumua. Inchi 30 ningemwachia anayeshuka mpaka A au chini zaidi.

TUSA: Nakubali hesabu, sikubali hitimisho. Kaka, uzi mnene kwenye gitaa fupi ni kama fimbo. Ule ugumu wake unavuruga sauti ndogo ndogo zilizo ndani ya noti, unasikia ukungu. Kwenye 762 naweza kutumia uzi mwembamba zaidi kwa mkazo uleule, na B inatoka safi kama kengele ya kanisa. Mzee mmoja anayeimba besi kwetu aliniambia siku hizi anaisikia noti yake kabla hajafungua kinywa. Kwa hilo naulipa huo urefu.

FESTO: Hilo la usafi ni kweli, siwezi kulipinga. Ndiyo maana hata Fender Bass VI ya 1961, besi ya nyuzi sita, ilikuwa na inchi 30, na yenyewe inashuka oktavu nzima chini ya gitaa. Kabla yake kampuni ya magitaa ya Danelectro ilitoa besi yake ya nyuzi sita mwaka 1956. Kule studio za Nashville waliipiga pamoja na kontrabasi, noti kwa noti, kiganja kimeziba nyuzi kidogo. Lakini angalia: wale walipiga noti moja moja. Wewe unapiga kodi.

TUSA: Napiga kodi, ila si zile za zamani. Kodi nzima ya nyuzi sita kule chini ni matope hata kama mkono umefika. Ukihesabu kutoka mzizi, yaani noti inayoipa kodi jina lake, noti ya tatu ikikaa chini sana inagombana nao. Kwa hiyo chini naweka mzizi na ya tano tu, ile ya tatu naipandisha kwenye nyuzi tatu za juu. Mara nyingi ni vidole viwili.

FESTO: Na mpiga besi wenu anapata nafasi?

TUSA: Akiingia besi, naacha nyuzi mbili za chini kabisa. Tulipatana.

FESTO: Vizuri, maana hilo limenisumbua sana jukwaani. Kwenye dansi kila gitaa lina nyumba yake: solo juu, ridhimu katikati, besi chini. Baritoni inajenga ukutani kati ya ridhimu na besi. Ukipiga kila kitu unawafukuza wote wawili. Unajua, kwetu kuna ligombo la Wahehe, chombo cha nyuzi. Kila uzi unapigwa wazi, hakuna kubana. Pale urefu haumgharimu mtu chochote. Gharama inaanza siku ulipoweka freti.

TUSA: Na gharama ya nyuzi! Madukani nilikopita Mwanjelwa nilikuta seti za kawaida tu.

FESTO: Kabla ya kuagiza, chukua futi ya fundi nguo, pima kutoka uzi unapoanzia kwenye daraja mpaka kwenye funguo ya mbali kabisa, uongeze sentimita saba za kuzungusha. Nimeona mtu amenunua seti nzuri, sehemu nene ya uzi ikaishia kabla ya nati. Na masika yakiingia, kagua kile chuma cha ndani ya shingo. Shingo ndefu inapinda upesi.

TUSA: Shika basi, ulijaribu. Nimebana kapo, kibanio cha kubana nyuzi zote, freti ya 3.

FESTO: Mbona hapo?

TUSA: Kwa sababu kutoka hapo mpaka daraja zinabaki milimita 641, karibu sawa na gitaa unalolijua. Hivyo ndivyo nilivyorudi baada ya kuumia. Wiki mbili hapo. Halafu freti ya 2, unapata 679. Halafu ya 1, 719. Halafu unalitoa.

FESTO: Nipe na kibao cha mguu.

TUSA: Hicho hapo. Inua shingo... zaidi kidogo. Dole gumba nyuma. Anza na umbo la G, nyuzi nne za juu tu.

[Festo anapiga taratibu]