Kiyoyozi na Unyevu wa Pwani: Mhadhara kwa Wenye Nyumba Dar es Salaam

Ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nieleze namna ya kutumia kiyoyozi nyumbani bila kuumizwa na gharama ya umeme wa LUKU katika kipindi hiki cha Desemba hadi Machi, nami nitaanza na jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Katika jiji la pwani kama hili letu, kiyoyozi kina kazi mbili: kutoa joto chumbani na kukamua maji yaliyomo hewani. Kazi hii ya pili hula fedha nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Tazameni bomba dogo linalochuruza maji nje ya ukuta. Ili mvuke ugeuke kuwa lita moja ya maji, mashine hulazimika kuondoa joto la takriban uniti 0.7 (uniti moja ni kilowati-saa moja, ile inayohesabiwa na mita); na kwa kuwa mashine ya wastani huhamisha joto kiasi cha mara tatu ya umeme inaoutumia, hiyo ni karibu robo ya uniti katika mita yako. Ndoo ya lita 10 ikijaa usiku mmoja, zaidi ya uniti mbili zimekwenda kukausha hewa tu, na kwa mteja anayelipa shilingi 350 na ushei kwa uniti, hesabu hiyo inafika shilingi 800 hivi. Ukaushaji huo tunauhitaji, maana ndio unaofanya jasho likauke mwilini. Hata hivyo, chumba kilichozibwa vizuri hukaushwa mara moja tu, kisha mashine ikabaki na unyevu wa waliolala humo, ilhali chumba chenye mianya hukaushwa usiku kucha, kwa kuwa hewa yenye unyevu inazidi kuingia.

Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha mashine, kagueni matundu ya hewa yaliyoachwa juu ya madirisha, vioo vya kupangwa visivyofunga sawasawa, na uwazi ulio chini ya mlango. Kuziba sehemu hizi kwa ubao, silikoni au mpira wa mlangoni ni gharama ndogo sana ikilinganishwa na umeme wa msimu mmoja. Asubuhi, mashine ikishazimwa, fungueni madirisha hewa ibadilike.

Wapo wanaoweka nyuzi 18 wakiamini kwamba chumba kitapoa upesi. Kompresa (pampu ya gesi) ya kawaida, isiyo ya inveta, yaani isiyoweza kupunguza kasi yake, husukuma kwa nguvu ileile ukiweka 18 au 26; tofauti ni kwamba kwa 18 huenda isipumzike hadi alfajiri. Wekeni 26 na muwashe pangaboi, ambalo hutumia wati 70 hivi, wakati kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) huvuta wati 800 au zaidi. Wahindi, ambao joto wanalijua, tangu Januari 2020 wametaka viyoyozi vya vyumbani vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24.

Msishawishike pia kununua mashine kubwa kupita kiasi. Ile ya BTU 18,000 katika chumba kidogo cha kulala hupoza haraka na kuzima kabla haijakamua unyevu, na matokeo yake ni ubaridi wenye unyevunyevu unaomfanya mtu azidi kushusha nyuzi kwenye rimoti.

Wateja wa kundi la D1, ambao uniti 75 za mwezi huzipata kwa bei nafuu, wanapaswa kupiga hesabu mapema. Kiyoyozi kidogo kikitumia uniti nne na nusu kwa usiku, mwezi mzima ni uniti 135, tayari zaidi ya zile 75, na hapo bado hujawasha friji wala pasi. Kuwasha saa mbili za kwanza za usiku, kisha kuachia pangaboi, kutapunguza sana mzigo huo.

Chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili, hasa penye vumbi. Kuhusu gesi, nitasema waziwazi: gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama ile ya kupikia, kwa kuwa huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, imevuja. Fundi anayekuja kila mwaka kujaza bila kutafuta palipotoboka anawauzia gesi ileile mara ya pili. Mwambieni apime kwanza na azibe, ndipo ajaze.